Lenzi pana ya kupiga nyota usiku: bajeti laki sita, niko Mbeya, kamera Canon 700D

Kijana wa Mwanjelwa

Wakuu heshima kwenu.

Mimi ni mpiga picha wa harusi, sendoff na kipaimara hapa Mbeya. Kamera ni Canon 700D, lenzi ni ile 18-55 iliyokuja nayo na 50mm f/1.8 niliyonunua baadaye. Sasa nimeingiwa na ugonjwa wa kupiga anga usiku. Nataka Njia ya Maziwa ionekane imesimama juu ya mlima, na mlima wenyewe uonekane. Nimepanga kupanda Kitulo kipupwe hiki.

Mfukoni kuna laki sita, ikibidi sana laki saba. Nimezunguka mtandaoni nimebaki na lenzi tatu, zote mtumba:

Canon 10-18mm f/4.5-5.6, ndiyo rahisi kuliko zote.
Samyang 14mm f/2.8, ya kuzungusha fokasi kwa mkono.
Tokina 11-16mm f/2.8.

Kila video inasema lake. Nimejaribu na 18-55 nyuma ya nyumba huku Isyesye, picha imejaa chenga na anga lina rangi ya chungwa. Wajuzi shusheni madini.

Ngoja Kwanza

Nimeweka kigoda. Nami nina kiu ya hili somo.

Simu Yatosha

Laki sita kwa ajili ya nyota? Hiyo mbolea ya shamba zima mkuu. Nyota zipo bure kila siku.

Kijana wa Mwanjelwa

@Simu Yatosha shamba sina mkuu, nina kamera.

Fundi wa Kihesa

Kamwene. Nianze na rangi ya chungwa maana hiyo haitibiwi na lenzi yoyote. Hizo ni taa za mji. Huku Iringa vijana wanapanda Gangilonga usiku na kamera, wanashuka na picha nzuri ya mji, nyota za kuhesabu. Ukitoka nje ya mji hata hiyo 18-55 itakushangaza.

Sasa lenzi. Hiyo 10-18 iondoe kwenye orodha. Si lenzi mbaya, mchana ukumbini inapiga safi kabisa, lakini usiku haina mwanga. Namba ya f (upana wa tundu la lenzi, ikiwa ndogo mwanga ni mwingi) inafanya kazi kwa kuzidishwa yenyewe kwa yenyewe: chukua 4.5 gawa kwa 2.8, jibu lizidishe kwa lenyewe, unapata 2.6 hivi. Maana yake f/2.8 inaingiza mwanga mara mbili na nusu zaidi kwa sekunde zilezile. Picha ambayo Tokina inaipata kwa ISO 3200 (ISO ni kiasi kamera inavyokuza mwanga), 10-18 itaitaka zaidi ya ISO 8000, na 700D ikifika huko ni chenga tupu.

Kitu cha pili ni muda. Dunia inazunguka, ukiacha kamera wazi muda mrefu nyota zinakuwa vijistari. Hesabu ya haraka ni 500 gawa kwa urefu wa lenzi (zile mm) ukishauzidisha kwa 1.6, maana kihisi cha 700D, kile kipande kinachopokea picha, ni kidogo. Kwa 18mm unapata sekunde 17, kwa 11mm sekunde 28, kwa 50mm yako ni 6. Lakini kanuni hiyo ni ya enzi za filamu, ni legelege. Mimi nakata karibu theluthi: sekunde 12 au 13 kwa 18mm, 20 kwa 11mm, 4 kwa 50mm. Na sisi tuko karibu na ikweta, ncha ya kusini iko nyuzi 9 tu juu ya upeo, kwa hiyo sehemu kubwa ya anga letu inakwenda mbio. Anayepiga Norway akielekeza kamera kwenye nyota ya kaskazini ana nafasi ya kuzembea, wewe huna.

Kwangu mimi: Samyang 14. Bei ndogo, kioo kizuri, basi.

Dada wa Matamba

Fundi umesema vizuri, ila umemwacha njiani kwenye jambo lenyewe. Kasema anataka mlima uonekane.

Hizi video mnazoangalia zimetengenezwa na watu wa Marekani na Ulaya. Kwao ule moyo wa Njia ya Maziwa, pale kati ya Nge na Mshale, hauinuki. London unafika nyuzi 9 au 10 tu juu ya upeo. Ndiyo maana kwao ni rahisi kuuweka pamoja na mti, nyumba, mtu kashika tochi. Hata 24mm inatosha.

Huku kwetu mwishoni mwa Juni saa sita usiku moyo uko nyuzi 70. Ni juu ya kichwa chako karibu kabisa, shingo inauma. Simamisha kamera wima, weka majani chini ya fremu, halafu uone lenzi gani inafika. Kwenye 700D:

18mm wima inameza nyuzi 63 au 64. Haifiki.
16mm nyuzi 70. Inagusa tu, na ardhi hujaiweka.
14mm nyuzi 77. Inafika kwa kubanana.
11mm nyuzi 90. Hapo unapumua.

Kwa hiyo Samyang 14 mnayoisifu inasifiwa kwenye kamera za kihisi kikubwa, ambako wima inameza nyuzi 104. Kwenye kihisi kidogo siyo lenzi ileile.

Njia ya pili haina gharama, ni kubadili saa. Katikati ya Mei, saa tano usiku, moyo uko nyuzi 30 hivi unapanda kusini-mashariki. Katikati ya Septemba, saa nne kwenda saa tano usiku, uko kati ya 30 na 40 unateremka upande wa kusini-magharibi. Muda huo Njia inalala mshazari juu ya vilima na hata 18-55 inatosha. Septemba ina ubaya wake: watu wanachoma mashamba na nyika, upeo wote ni moshi. Mimi naipenda Mei. Mvua imekata, hewa imeoshwa.

Na kwa wale watakaouliza kuhusu maua ya Kitulo chini ya nyota: maua yanataka mvua, yanachanua Desemba hadi Aprili. Kipupwe utakuta majani makavu na barafu ya asubuhi.

Ngoja Kwanza

Dada chukua maua yako sasa hivi, usisubiri Desemba.

Fundi wa Kihesa

Nimekubali nyuzi 70. Sijakubali kwamba lazima anunue 11mm. Ana 50mm f/1.8 tayari. Apige vipande, aviunge. Watu wanaunga fremu kumi na tano wanapata picha ya kubandika ukutani.

Dada wa Matamba

Kwa 50mm kila fremu ni nyuzi 25 kwa 17. Kuanzia kwenye majani hadi nyuzi 70, na pembeni, gizani, vidole vimekufa ganzi, fremu zipishane vizuri, na anga linatembea wakati huohuo. Anayeanza atatupa kamera bondeni. Kwa 50mm mwache apige Nge peke yake, anaenea karibu wote na anapendeza sana. Akaze iwe f/2.5 au 2.8 maana kwenye 1.8 nyota za pembeni zinaota mabawa.

Mtaalamu wa Bure

Mnampotezea hela. 18-55 kwenye 18mm ina f/3.5. Gawa 18 kwa 3.5, tundu lake ni milimita 5 na ushee. Gawa 11 kwa 2.8, milimita 4 kasoro kidogo. Tundu la 18-55 ni kubwa zaidi! Nyota moja moja zitang'aa zaidi kwenye lenzi aliyo nayo bure kuliko kwenye Tokina ya laki saba. Mwaka mzima apige na hiyo, apige fremu 16 za sekunde 12 bila kugusa stendi, azitie kwenye Sequator, ni programu ya bure ya Windows. Inapanga nyota juu ya nyota na ardhi inaiacha ilipo. Fremu 16 chenga inapungua hadi robo. Hakuna lenzi ya laki saba itakayokupa hiyo.

Fundi wa Kihesa

Hesabu ya tundu ni sahihi kwa nyota moja moja. Ila yeye hataki nyota moja moja, anataka lile wingu la Njia, na wingu linafuata namba ya f na sekunde. Kutoka 3.5 kwenda 2.8 ni mara moja na nusu. Kutoka sekunde 13 kwenda 20 ni mara moja na nusu nyingine. Jumla wingu linapata mwanga kama mara 2.4 kwa fremu moja. Na hizo fremu 16 hakuna aliyekataza kuzipiga na Tokina.

Ila kwamba aanze na alicho nacho, hapo niko na wewe.

Nyasa Kusini

Ugonile nyote. Mimi niko Kyela, nina Canon 6D ya kihisi kikubwa na hiyo Samyang 14mm f/2.8 kwa muda sasa. Niseme yake kabla hamjaizika au kuitukuza.

Nyota za pembeni inazitunza vizuri kuliko lenzi za bei mara tatu yake. Hilo ni kweli tupu. Mabaya: mstari wa upeo wa ziwa unapinda kama masharubu, katikati unashuka kingo zinarudi, na programu ya kawaida hainyooshi mpaka uwe na profaili yake. Kioo cha mbele kimevimba, hakivai filta, kifuniko chake ukipoteza umekwisha. Alama ya mbali kabisa kwenye pete ya fokasi inadanganya. Na hazifanani: unaweza kununua yenye upande wa kulia mkali na wa kushoto uji, kwa sababu vioo havikukaa sawa tangu kiwandani. Ukinunua mtumba lazima uone picha iliyopigwa nayo.

Fokasi usiku ni hivi. Washa skrini ya nyuma, tafuta nyota kali (Mei na Juni unazo za kuchagua, Alfa Kentauri ipo, Antaresi ipo), kuza mara 10, zungusha polepole mpaka nyota iwe nukta ndogo kabisa. Ukipita inaanza kuvimba tena, rudi. Halafu bandika kipande cha gundi ya karatasi kwenye pete, usiiguse mpaka asubuhi. Tokina nayo fanya hivyohivyo, ila toa otofokasi kwanza kabla ya kuzungusha. Na kwenye 18-55 zima swichi ya IS (ile ya kutuliza mtikisiko) ukiwa kwenye stendi.

Kijana, Kitulo ni pazuri lakini usidharau Matema. Pale uko kichwani mwa ziwa, kusini yote ni maji, hakuna kilima kinachokuziba. Katikati ya Mei saa tatu na nusu usiku Salibu ya Kusini imesimama wima juu ya ziwa, nyuzi 40 hivi, halafu Njia inapanda kutoka nyuma ya milima ya Livingstone kushoto kwako. Tatizo ni moja, wavuvi wa usipa. Usiku wa giza ndio wanaoutaka na wao, wanawasha taa kuita samaki, ziwa zima linakuwa na mstari wa taa. Mimi niliwachukia, siku hizi nawapanga kwenye fremu. Ila sekunde 20 taa zinaungua nyeupe, kwa hiyo piga fremu moja fupi ya ziwa kisha uiunge na ya anga.

Kijana wa Mwanjelwa

Aisee, uzi umenoga. Nyasa Kusini, Dada, Fundi, asanteni.

Swali ambalo sikuliweka mwanzo: hiyo lenzi ningependa ifanye kazi na harusini, ukumbi ukiwa mdogo. Samyang bila otofokasi maharusi wakiingia wanacheza itakuwaje?

Fundi wa Kihesa

Ungesema hilo mwanzoni tungeshalala.

Tokina. Funga mjadala. Kwenye Canon ina otofokasi, f/2.8 haishuki ukivuta kutoka 11 hadi 16, inavaa filta ya 77mm, na imejengwa imara. Ukumbi wa kibanda utaonekana kama wa hoteli. Ila usiwaweke mashangazi pembeni mwa fremu kwa 11mm, watavutika mashavu na hela ya mwisho hutaiona. Watu waweke katikati, vuta hadi 16.

Udhaifu wake mkubwa ni taa inayoipiga usoni. Taa ya barabarani au mwezi ukiingia kwenye fremu utaona madoa ya rangi yametapakaa, na kingo za vitu vyeusi kwenye mwanga zina uzi wa zambarau. Uzi unaondoka kwenye kompyuta, madoa ni shida. Kitulo hakuna taa ya barabarani, harusini wapo wa video na mataa yao, jipange unaposimama.

Na ukija kununua kamera ya kihisi kikubwa usiiuze haraka, kwenye 15 na 16mm inaenea bila kona nyeusi.

Mtaalamu wa Bure

Kwa matumizi ya harusi nimenyamaza. Lenzi inayojilipa yenyewe sina ugomvi nayo.

Pita Kushoto

Mbona hamjataja Samyang 16mm f/2? Imetengenezwa kwa ajili ya vihisi vidogo hasa. f/2 ni mwanga mara mbili ya f/2.8.

Dada wa Matamba

Kwa nyota peke yake ningeichukua hiyo mimi, bila kufikiria, na nipige Mei au Septemba moyo ukiwa chini. Lakini haina otofokasi na kuiona mtumba nchini ni bahati. Kijana ana harusi Jumamosi.

Kijana wa Mwanjelwa

Nimepata Tokina Dar, muuzaji anataka laki sita na themanini. Picha alizotuma ni za lenzi juu ya meza, inang'aa. Niangalie nini kabla sijatuma hela?

Nyasa Kusini

Kung'aa kwa nje ni kitambaa. Mwambie afanye haya na akutumie:

Awashe tochi ya simu nyuma ya lenzi, yeye atazame kwa mbele, apige video akiizungusha polepole. Vumbi dogo achana nalo, kila lenzi inalo. Unachotafuta ni fangasi: vijinyuzi kama utando wa buibui vinaanzia ukingoni mwa kioo kwenda katikati. Ukiona hivyo muage kwa heshima. Sisi wa Tukuyu na Kyela tunaijua sana hii, mvua haikauki, lenzi ikilala ndani ya begi la ngozi masika mzima inaota. Ukinunua weka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko mkavu pamoja na vile vipakiti vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

Halafu apige ukuta wa matofali kwa 11mm f/2.8, kamera ikiwa sambamba na ukuta, atume faili lenyewe na si la WhatsApp, maana WhatsApp inalipondaponda. Linganisha kona nne. Zote zikiwa laini kidogo ni kawaida. Moja ikiwa uji na nyingine kali, kataa.

Mwisho atikise karibu na sikio. Kulia kidogo ni sawa, kama kuna kitu kinagonga ndani, hapana.

Dada wa Matamba

Na usitume hela kwa picha. Kama una ndugu Dar aende akaishike, aipakie basi yeye mwenyewe.

Ngoja Kwanza

Hapo kwa ndugu wa Dar ndipo hela inapopotelea kabisa.

Kijana wa Mwanjelwa

Shemeji yangu yuko Mbagala, ameenda leo. Kona zote ziko sawa, tochi imepita safi, kuna punje za vumbi mbili tatu. Wameelewana laki sita na nusu. Mzigo unapanda basi la usiku.

Dada, huko juu nivae nini? Nasikia betri zinakufa.

Dada wa Matamba

Hongera. Vaa kila ulichonacho halafu ongeza blanketi. Juni na Julai huku maji yanaganda kwenye ndoo. Betri ya pili ikae mfukoni kwenye mwili, si kwenye begi, ile iliyolala kwenye baridi ikipashwa inarudi kidogo, usiitupe.

Adui mkubwa zaidi ya baridi ni umande. Saa saba hivi usiku utaona nyota kwenye picha zinaanza kuvimba na kufifia, utadhani fokasi imehama. Gusa kioo, kimelowa. Usifute kwa shati. Kuna mikanda ya kupasha lenzi inayochomekwa kwenye pawabenki, ukikosa chukua soksi ndefu, ikate kidoleni, ivalishe lenzi, katikati tia chupa ndogo ya maji ya moto. Inakupa saa moja na zaidi. Na ukirudi ndani usifungue begi mpaka asubuhi, kamera ya baridi ikikutana na hewa ya jikoni inatoka jasho hadi ndani.

Ukitaka kuingia hifadhini usiku ongea na wahifadhi kabla, wana utaratibu wao na tozo zao. Lakini barabara ya Makete ni ya wote, na giza ni lilelile. Pakua Stellarium kwenye simu uangalie siku za giza la mwezi, usije mwezi ukiwa mpevu halafu ulaumu lenzi.

Mgeni Kidogo

Samahani kwa kuingilia, niko Njombe. Mimi nina Nikon D3200, kuna mtu ananiuzia Nikon AF-P 10-20mm f/4.5-5.6 kwa bei ya kutupa. Je hiyo nayo ni giza kama ile ya Canon?

Fundi wa Kihesa

Ni giza hivyohivyo, lakini kwako hilo ni tatizo la pili. AF-P kwenye D3200 haifokasi kabisa. Hata kwa mkono haikubali, kwa sababu pete yake inategemea umeme wa kamera na kamera yako haiijui hiyo lugha. Labda ndiyo maana anaitupa.

Mgeni Kidogo

Duh. Na zile lenzi za zamani za Urusi za kufunga kwa skrubu, na adapta?

Nyasa Kusini

Kwenye Canon ndiyo, adapta ya bei ndogo inatosha. Kwenye Nikon lenzi inakaa mbali mno na kihisi, bila kioo cha nyongeza kwenye adapta haifiki fokasi ya mbali, na nyota ziko mbali. Tafuta Tokina ya mlango wa Nikon. Lile toleo la kwanza halina mota ndani, kwenye D3200 otofokasi haitafanya kazi, ila kwa nyota utazungusha mwenyewe na bei yake huwa chini.